Jina Unaloitikia

Hodan, hooyo,

Assalaam aleykum. Najua utacheka ukiona nimekuandikia barua ilhali tuko nyumba moja, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba hivi kwamba nasikia kisu kikigonga ubao huko jikoni. Cheka tu. Kuna mambo nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, au nitalia, na mimi sipendi kulia mbele ya wifi yangu.

Alasiri haijaadhiniwa bado. Wewe na eddo yako Khadija, huyo wifi yangu, mnakata nyama ya ngamia ya kukaangia nyirinyiri ya safari. Nyama hiyo ilikauka kwenye kamba yangu, katika ua wangu, na aliyekuwa akiifukuzia kunguru ni mimi. Lakini leo asubuhi nilipochukua kisu uliniambia, kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni asijisumbue, "Hooyo, wacha eddo akate. Yake huwa ndogo ndogo." Nikaweka kisu chini. Nikaja huku chumbani nikajifanya natafuta cheti chako cha kuzaliwa, ambacho wewe na mimi tunajua kiko ndani ya begi lako tangu wiki iliyopita.

Basi niseme bila kuzunguka mbuyu. Nina wivu. Namwonea wivu eddo yako tangu ukiwa mtoto wa miaka miwili, na leo u mwanamke wa miaka kumi na tisa, kesho unakwenda Kakamega kusomea uuguzi, na wivu wangu haujaota hata mvi moja. Watu husema wivu ni wa wake wenza. Waongo. Wake wenza wanagawana mwanamume, na mwanamume hagawanyiki vizuri lakini anagawanyika. Mtoto je?

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili. Kisomali ndicho nilichozaliwa nacho, lakini kukiandika sikufundishwa na mtu. Shuleni Wajir tuliandika Kiswahili na Kiingereza tu. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni ya choyo. Kisomali chako si changu. Unavyokata maneno, unavyopandisha sauti mwisho wa swali, unavyosema "haye" ukivuta kama mtu anayevuta maji kisimani, yote hayo ni Masalani tupu, huko mtoni kwa eddo yako, ni Khadija tupu. Kiswahili hiki cha kuandika ndicho pekee nilichokupa mimi, hapa mezani, kidole changu juu ya herufi na chako juu ya changu. Acha niseme nawe mahali ambapo nina haki.

Sitakwambia habari za kufunga mlango, kuswali kwa wakati, kutokopesha nguo zako na kutokula kwa watu usiowajua. Nilikuwa nimeyapanga yote niyaseme leo. Eddo yako aliyamaliza jana, mara mbili mbili, na ulikuwa ukiitikia kila moja.

Unajua baba yako alivyotuacha, Mungu amrehemu, na wewe hujaachishwa ziwa vizuri. Unajua pia nilipata kazi Ifo, katika kambi ya wakimbizi, ya ukalimani. Usilolijua ni jinsi Khadija alivyokuja kukuchukua. Wafanyakazi tulilala ndani ya ua mmoja uliozungushiwa seng'enge, na watoto hawakuruhusiwa. Dada ya baba yako akapanda gari kutoka Masalani bila kuitwa na mtu. Akanikuta nimekaa na wewe magotini. Hakuniambia pole wala hakuniambia nifanye nini. Alisema tu, "Nipe huyo, wewe nenda." Ukamwendea ukiwa unacheka, ukalala begani kwake kabla hajafika mlangoni. Ningependa ungelia kidogo. Hata leo ningependa.

Kazi yangu Ifo ilikuwa maneno. Nilipofika nilidhani Kisomali ni kimoja, kama chumvi. Nikakuta mtu wa upande wa Bay huko Somalia anasema Kimaay, mwingine katoka Kismayu, mwingine ni jirani yetu wa Mandera, na wote ni Wasomali, lakini wakiketi benchi moja kila mmoja anamtazama mwenzake mdomoni. Wiki za mwanzo mama mmoja alieleza ugonjwa wa mtoto wake kwa neno nisilolijua. Kwa kuona haya nikakisia, nikamwambia daktari ni homa. Yule mama hakujua Kiswahili wala Kiingereza, ila alinitazama usoni akajua nimedanganya. Akaushika mkono wangu akauweka kwenye mbavu za mwanawe, pale panapoingia ndani anapohema, akalirudia lile neno polepole. Tangu siku hiyo neno nisilolijua nauliza, hata mara tano, hata watu wacheke. Nawe utakuwa muuguzi, na wagonjwa wa huko watakuja na maneno yao. Usikisie kwa kuona haya.

Nyingine ilikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na afisa kijana, Mmeru, mpole sana, aliyekuwa akiandikisha familia. Bibi mmoja akamwambia mjukuu wake, "Ayeeyo, kaa chini." Mimi nikatafsiri kama nilivyosikia: "Bibi, kaa chini." Yule kijana akaruka, akampisha mtoto kiti chake, akaomba na msamaha. Bibi akakasirika, akauliza huyu anampa mtoto heshima yote hii ya nini. Ikabidi nimweleze kijana kwamba kwetu jina la undugu linakwenda na kurudi. Bibi akimwita mjukuu wake ayeeyo, anampa jina lile lile ambalo mjukuu anamwita yeye. Mimi ni hooyo wako, mama yako, na wewe nakuita hooyo. Khadija ni eddo yako, shangazi yako, na wewe anakuita eddo. Waswahili nao wana wifi: wewe wifi yangu, nami wifi yako. Kijana akafikiri, akauliza, "Sasa mtajuaje nani ndiye mkubwa?" Nikamwambia, "Anayeagizwa maji ndiye mdogo." Tulicheka siku nzima.

Nilicheka mimi, Hodan, mtu ambaye mtoto wake alikuwa Masalani akiitwa eddo kutoka Alfajiri mpaka Isha. Halikunipitia akilini.

Nilikuwa nikija kukuona kila nilipopewa likizo. Siku chache, na nusu yake iko barabarani. Ukirudi nyuma unikumbuke, unamkumbuka mwanamke mwenye biskuti. Ulipofika miaka saba nikapata kazi ya ofisi hapa Garissa mjini, nikaja kukuchukua. Khadija alikufungia nguo, akakusuka nywele, akakusindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa na haraka ya kuondoka kabla hujaanza kulia. Hukulia. Hata njiani hukulia, mpaka Garissa.

Jioni ya kwanza nilipika kila ninachokijua. Anjera, wali, nyama ya kukatakata, chai ya maziwa ya ngamia. Ukakaa mbele ya sinia hukugusa. Nikakuuliza, unataka nini? Ukasema, "Pure." Nikakuuliza tena. "Pure." Mimi, niliyekuwa nikiitwa kutoka kliniki hii hadi ile kwa sababu hakuna neno linalonishinda, nikasimama mbele ya mwanangu sijui anataka kula nini. Ikabidi nimpigie simu mwanamke mwingine nimwulize. Khadija akacheka, si kwa ubaya. Akasema ni mahindi na maharagwe tu, wanapika majirani zake wakulima wa mtoni, nyinyi watu wa ofisi mnaita githeri. Githeri! Siku ile ile tulikuwa tumepikiwa sufuria nzima kazini. Nikaichemsha mpaka saa za kulala zikapita. Ukala, ukashiba, ukasema ya eddo ni laini.

Lakini hilo la chakula nililimeza. Lililonikwama ni lingine, na hatujawahi kulizungumza mimi na wewe. Huenda umelisahau.

Tulikuwa soko la mifugo, siku ya soko, hujamaliza hata mwezi hapa. Nilikuwa namtafuta mwanamke anayeniuzia maziwa. Wewe ukaona mwanambuzi mweusi mwenye doa usoni, anafanana na yule uliyemwacha Masalani, ukaniponyoka mkononi ukamfuata. Nyuma yake lori la ng'ombe linarudi kinyumenyume, na dereva anaangalia upande mwingine. Nikapiga kelele: "Hooyo! Hooyo!" Kila mtoto wa kike aliyekuwa karibu akageuka. Wewe hukugeuka. Nikaita jina lako. Akina Hodan wawili wakageuka, na hakuna aliyekuwa wangu. Vumbi limejaa, ng'ombe wanalia, na wewe mgongo wako unakwenda. Ndipo nikafungua kinywa nikaita, "Eddo!" Ukasimama pale pale, kama umefungwa kamba. Ukageuka kutafuta ni nani anayekuita. Lori likapita mbele yako.

Watu wakaniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru. Nikakubeba, mtoto mkubwa wa miaka saba, mpaka nyumbani. Lakini njiani nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: mwanangu ameokolewa na jina la mtu mwingine. Mimi nimelia hooyo, hooyo, sokoni kama mwendawazimu, na mtoto niliyemzaa hakujua anayeitwa ni yeye. Hukujua. Kosa si lako. Mtoto anaitikia jina analoitwa kila siku, na mimi nilikuwa nimekuita siku za likizo.

Baada ya hapo nikaanza vita. Ukisema kata, nasema hapa kwetu ni kikombe cha maji. Ukiimba wimbo wa watoto wa mtoni, nafungulia redio. Neno lolote lililokuwa na harufu ya Khadija nililirudisha mlangoni. "Kimasalani kibaki Masalani," nilikuwa nikisema, tena nikijiona nakufundisha. Ukaanza kunyamaza. Mwalimu wako akaniita shuleni akaniambia mtoto wako ana adabu ila haongei. Nikarudi nimekunja uso, nikakukuta nyuma ya nyumba umekaa juu ya jerikeni, simu yangu sikioni, unamwambia eddo maneno yote uliyoyabana tangu asubuhi. Ulikuwa ukicheka mpaka unashika tumbo. Nikasimama nyuma ya mlango nisikuguse wala nisikukatize, na wivu ulinichoma mpaka masikio yakapata joto.

Nilipaswa kujua zaidi, maana yalinipata mimi mwenyewe. Nilipotolewa Wajir nikaletwa shule ya bweni hapa, wasichana walicheka kila nilipofungua kinywa. Neno la kisima, neno la kiatu, hata nilivyosalimu. Muhula mmoja ukatosha. Nikayatupa yote nikachukua yao. Nikarudi nyumbani likizo, mama yangu yuko kisimani anavuta maji, nikamsalimu. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni akasema, "Naa, wewe binti, mbona unaongea kama redio?" Hakugomba. Ila tangu siku hiyo alizungumza nami kama anavyozungumza na wageni: maneno machache, safi, yasiyo na mzaha ndani yake. Hadithi zake akawa anawahadithia wadogo zangu. Sikuwahi kurudishiwa mahali pangu.

Kwa hiyo nisikie hapa, hata kama husikii pengine. Huko Kakamega watakucheka. Utasema "bolebole" badala ya polepole wakati umechoka, kama sisi sote, na watakuiga. Wacheke. Tulikuwa na dereva wa huko kule Ifo, mtu mwema, aliyesema "kari" badala ya gari na "papa" badala ya baba, na akatucheka sisi kuliko tulivyomcheka. Ukisema laga, watakuuliza ni nini, uwaambie ni mto unaokaa mwaka mzima bila maji halafu unakuja siku moja kuchukua watu. Ukisema malka, uwaambie ni pale mifugo inapoteremkia kunywa. Jilal ndiyo itakayokuwa taabu. Wanasema huko mvua hunyesha kila alasiri. Utamwelezaje mtu wa namna hiyo miezi ambayo mbingu zinafungwa na watu wanahesabu vibuyu? Eleza hivyo hivyo. Usiyaache maneno yako langoni kwa ajili ya kicheko cha wiki mbili. Na maneno ya Masalani nayo usiyaache, nimelisema kwa meno yaliyoumana lakini nimelisema.

Na nikikupigia simu nikasema "hooyo, umekula?", wenzako chumbani watashangaa mama gani anamwita bintiye mama. Waambie ndivyo tunavyoitana.

Waswahili wana methali mbili ambazo zimenigawana. Moja inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hiyo naipenda, ningeiandika ukutani. Ya pili inasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hiyo nilipoisoma shuleni niliikariri nikapata alama zangu, na tangu ukiwa na miaka miwili siwezi kuisikia. Kila nikiisikia naona mtu ameisema akiniangalia. Siku moja mwanamke wa jirani aliisema mbele ya Khadija, kwenye karamu ya akika ya mtoto wa watu, na Khadija akabadilisha mazungumzo haraka sana. Nilimchukia zaidi kwa wema huo. Angejivuna kidogo ningepata pa kumshikia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, lililonileta kwenye kalamu. Chuo kimesema kila mwanafunzi aje na mtu mmoja, mzazi au mlezi. Hilo "au" wao waliliandika kwa wema, kwa ajili ya watoto yatima. Hawakujua kuna nyumba ambayo ina wote wawili jikoni na chumbani. Nikakata tiketi za viti viwili vya basi la kesho baada ya Alfajiri, na mimi akilini mwangu nilikuwa tayari nimeshakaa katika kile cha pili. Jana ukaja umeshika ncha ya shela yangu, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo, ukasema, "Hooyo, si eddo anisindikize? Yeye hajawahi kuona mbali. Hata Thika hajapita." Nikasema tutaona. Nikaingia kuoga bila maji.

Leo asubuhi kijana wa ofisi ya basi akapiga simu. "Mama Hodan, hiyo siti ya bili naandika jina ya nani? Abiria nakuja, mimi nashindwa kuwaambia." Nikamwambia asubiri mpaka jioni. Tangu hapo nimekaa. Kila nikisema nitampa Khadija, namwona langoni kule, amekushika mkono, na mtu wa chuo anakuuliza huyu ni nani wako. Nilikuwa tayari kusema mkuu wa chuo mwenyewe amenipigia akanitaka mimi. Nilikuwa nimeshautunga uongo wenyewe, na ulikuwa mzuri.

Nimeacha kuandika hapa nikaswali Alasiri. Nimerudi sasa, Magharibi imeshapita, na kuna jambo limetokea katikati ambalo nakuandikia kabla halijapoa.

Eddo yako aliingia na chai. Mikono yake ilikuwa inanukia iliki na mafuta. Akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaona karatasi hizi, hakuuliza. Nayaweka maneno yake kwa Kiswahili, ingawa unajua aliyasema kwa kile Kisomali chake.

"Wifi," akasema, "nenda wewe na mtoto. Mimi nitarudi Masalani kesho, mbuzi nimewaacha kwa watu."

Nikamwambia mtoto amekutaka wewe.

"Amenitaka kwa sababu ananihurumia. Anadhani sijaona dunia. Wewe anakutaka hata asipokutaja."

Nikacheka kicheko kibaya. Nikamwambia yote, Hodan. Pure, na soko, na simu nyuma ya nyumba. Nikamwambia nimemwonea wivu miaka yote hii, na hata leo kisu amenipokonya. Nilidhani atakasirika au ataomba radhi. Akanywa chai yake mpaka nusu.

"Nami nikwambie langu," akasema, "na usinihurumie, sipendi. Unawajua watoto walioachwa kwa shangazi zao. Mwaka hauishi, ulimi unateleza. Wanaanza eddo, eddo, siku moja katikati ya mchezo wanasema hooyo, halafu wanazoea. Jirani yangu amepata wawili hivyo. Mimi nilimngoja huyu. Nilikuwa nampikia, namwogesha, nakesha naye ana malaria, na namngoja ateleze. Hakuteleza, Ubah. Hata siku moja. Hata na homa. Siku za likizo yako zikikaribia alikuwa anakaa barabarani, kila gari likipita anasema hooyo huyo. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikikuonea wivu wewe uliye mbali, mwenye biskuti zako."

Nikamwuliza, kwani kwa nini wewe hukumwita hooyo? Nilikuwa mbali, nani angekusikia?

"Ningesikia mimi," akasema. "Nilimwita nilicho: eddo." Akabeba vikombe, akatoka.

Sasa nitakwambia nilivyohisi, kwa sababu nimeahidi kusema kweli. Nilifurahi. Sikumhurumia hata chembe. Nilikaa juu ya kitanda nikafurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka kumi na saba. Hakuteleza! Hata na homa! Nilitaka kutoka nje niwaambie majirani. Niliyarudia maneno hayo kichwani mpaka Magharibi ikaadhiniwa, na kila nikiyarudia nilikuwa tajiri zaidi.

Halafu nikasikia mnacheka tena jikoni. Yeye alikuwa anacheka nawe vile vile, na sauti yake haikuwa imepungua. Nikajiuliza: mtu huyu amekuwa akingoja neno moja tangu ukiwa na miaka miwili, na mdomo wake haujawahi kuliiba. Mimi ningeliiba. Ningeliiba wiki ya kwanza, najijua mimi. Ningekufundisha kuniita hivyo na kusingizia kwamba ulianza mwenyewe.

Nimempigia kijana wa basi. Nimempa jina la Khadija. Mbuzi wake nimeshawasemea kwa jirani yake, tumezungumza. Nitamwambia nikimaliza barua hii, na nitasema kwa ukali ili asipate nafasi ya kukataa wala ya kunishukuru.

Basi kesho utakuwa naye njia nzima, na nyirinyiri yenu iliyokatwa ndogo ndogo, na mimi nitabaki nikifua mashuka yako. Nina wivu. Nakuomba usinitumie picha za safari mpaka mfike. Kisha nakuomba jambo jingine, na hili nimeliandika mara mbili nikalifuta, sasa naliacha. Mkifika langoni, mtu wa chuo atakuuliza huyu uliyekuja naye ni nani wako. Usiseme eddo. Mshike mkono, useme kwa sauti asikie, "Huyu ni hooyo wangu." Mimi nitakuwa mbali, sitasikia, na nikiwa mbali hivyo nadhani nitaweza.

Lakini mara moja tu, Hodan. Usizidishe.

Mama yako,
Ubah